UJENZI: Huisha mpako wa sakafu ya mbao kabla msasa haujaila

KATIKA nyumba nyingi za zamani jijini Nairobi, hasa mitaa ya Kileleshwa, Lavington na Kilimani, sakafu ya sebuleni si ya saruji tupu wala vigae. Ni vibao vidogo vya mti mgumu vilivyopangwa mithili ya mkeka na kugandishwa juu ya saruji. Baadhi ya sakafu hizo zimekanyagwa kwa zaidi ya nusu karne na bado ni imara.

Hata hivyo, hufika wakati mng'ao ukatoweka. Njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni hugeuka kijivu, mikwaruzo huonekana chini ya meza na alama za maji hubaki pale palipowekwa chungu cha maua. Hapo wenye nyumba wengi huchukua mojawapo ya hatua mbili: kuongeza polishi juu ya polishi, au kumwita fundi mwenye mashine aikwangue sakafu nzima hadi ubao ubaki mtupu.

Hatua zote mbili zaweza kuleta hasara. Aghalabu kinachochakaa mwanzo si ubao, bali ni mpako ulio juu yake, yaani nta, mafuta au vanishi. Anayehuisha mpako kabla haujaisha hutumia fedha kidogo na hubaki na ubao wake wote. Anayengoja hadi ubao uwe wazi hulazimika kukwangua, na ubao uliokwanguliwa haurudi tena.

Mti usiopatikana kwa urahisi

Miongoni mwa miti iliyotumiwa kwa sakafu hizo nchini Kenya, muhugu ndio unaotajika zaidi. Ni mti mzito, wenye nyuzi zilizobanana na harufu nzuri, na hustahimili mikanyago mingi. Ndiyo sababu ulitumika kwenye kumbi na ofisi zenye watu wengi, na vibao vyake viliuzwa hata nchi za nje.

Muhugu hukua polepole mno. Bado upo katika misitu ya Karura na Ngong jijini Nairobi, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, ambako bundi mdogo wa Sokoke hutegemea makazi yenye miti hiyo. Mbali na watengenezaji wa sakafu, wachongaji wa vinyago nao waliukata kwa wingi, hata wakahimizwa kutumia mwarobaini badala yake.

Miti mingine inayojulikana kwa kazi za mbao katika kanda hii ni mvule, mninga na mkangazi. Yote ni miti ya thamani, na ubao wake mkavu na mzuri ni ghali. Kwa hivyo, mwenye sakafu ya aina hii ana mali ambayo si rahisi kuinunua upya.

Kuna jambo la kutahadhari nalo hapa. Si kila sakafu yenye sura ya mbao ni ya mbao. Lamineti, inayouzwa kwa wingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ni picha ya mbao iliyobandikwa juu ya ubao wa unga uliobanwa. Haipigwi msasa kamwe, kwani picha ikishaondoka hakuna kinachobaki.

Nyingine ni mbao za tabaka, ambazo zina ubao halisi kwa juu na plaiwudi kwa chini. Tabaka hilo la juu laweza kuwa chini ya milimita moja au kufika milimita kadhaa. Kabla ya kugusa sakafu, mwenye nyumba na atazame ukingo wake mlangoni au chini ya kizingiti ili ajue unene wa ubao alio nao.

Aina tatu za mpako

Nta ni mpako wa kale. Hupakwa, ikaachwa ikauke kidogo, kisha ikasuguliwa kwa kitambaa au brashi hadi ing'ae. Uzuri wake ni kuwa sehemu iliyochakaa huweza kupakwa peke yake. Udhaifu wake ni kuwa maji huiachia madoa meupe na huhitaji kusuguliwa mara kwa mara.

Mafuta, mathalani ya kitani, huingia ndani ya nyuzi za ubao badala ya kukaa juu. Sakafu ya namna hii huwa na mng'ao wa upole. Nayo pia huweza kurekebishwa sehemu kwa sehemu, almradi mafuta ya ziada yafutwe kabla hayajaganda na kunata.

Vanishi, na hasa ile ya poliyurethani, hutanda juu ya ubao kama ngozi. Ipo inayochanganywa na tapentaini, ambayo huupa ubao rangi ya asali na huchelewa kukauka. Ipo pia ya maji, ambayo hubaki nyeupe kama kioo na hukauka kwa saa chache. Vanishi hustahimili maji kuliko nta, lakini ikikwaruzwa hadi chini, kuiziba sehemu moja bila kiraka kuonekana ni kazi ngumu.

Chanzo cha hasara nyingi ni kuchanganya mipako hii bila kujua. Vanishi haishiki juu ya nta. Ikipakwa hapo huonekana safi kwa muda mfupi, kisha huanza kubambuka vipande vipande. Nta iliyopakwa juu ya vanishi nayo hufanya sakafu iteleze, hukusanya uchafu na kumzuia fundi kuongeza vanishi siku za usoni.

Jinsi ya kutambua mpako

Majaribio ni mepesi na yafaa kufanywa pembeni, nyuma ya mlango au chini ya kabati. La kwanza ni la tone la maji. Tone likikaa juu bila kuzama kwa dakika kadhaa, mpako ungali mzima. Likizama polepole na kuacha doa jeusi, mpako umekonda. Likizama papo hapo, ubao uko wazi.

La pili ni la kitambaa cheupe kilicholoweshwa tapentaini kidogo. Kikisuguliwa sakafuni na kutoka na uchafu wa manjano au kahawia wenye kunata, hapo pana nta. Kucha pia husaidia: ukikwangua kidogo na uchafu laini kama mafuta yaliyoganda ukabaki chini ya ukucha, hiyo ni nta.

Iwapo kitambaa kimetoka kikiwa safi na sakafu ina utando unaoonekana juu ya ubao, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni vanishi. Iwapo hakuna utando wowote na nyuzi za ubao zinahisika kwa kidole, basi yawezekana ni mafuta.

Utunzaji wa kila siku

Adui mkubwa wa mpako ni mchanga. Chembe zinazoingia na viatu husaga vanishi kila mtu anapopita, kama msasa unaovutwa na nyayo. Hivyo basi, kizulia cha mlangoni, nje na ndani, huiokoa sakafu kuliko polishi yoyote. Desturi ya kuvua viatu mlangoni, iliyo ya kawaida katika jamii nyingi za Pwani, nayo ina faida hiyo.

Sakafu ifagiliwe kila siku kwa ufagio laini au mashine ya kuvuta vumbi. Miguu ya viti na meza ivishwe vipande vya kitambaa kizito, na vipande hivyo vikaguliwe mara kwa mara kwani navyo hunasa mchanga. Kochi na kabati ziinuliwe zinapohamishwa, zisikokotwe.

Kupiga deki kwa ndoo ya maji, kama ifanywavyo kwenye saruji, ni kuiua sakafu ya mbao. Maji hupenya kwenye viungo, ubao hufura, kingo hujikunja juu na gundi huachia. Kinachotakiwa ni kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoke, chenye sabuni isiyo kali, kisha kufuatiwa na kitambaa kikavu. Maji yaliyomwagika yafutwe papo hapo.

Mopu ya mvuke isitumiwe, kwani joto na unyevu huingia pamoja chini ya mpako. Siki, amonia, sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo hufifiza vanishi au kuacha utando. Pia, vyungu vya maua viwekwe juu ya vigari au sahani pana, kwa sababu unyevu wa chini ya chungu hufanya kazi yake kimyakimya kwa miezi.

Wapo wanaochanganya polishi na mafuta taa ili ienee haraka na kufukuza wadudu. Zoea hili ni baya kwa sababu mbili. Mafuta taa hulainisha nta na kuifanya inase vumbi, na mvuke wake waweza kushika moto karibu na jiko au mshumaa. Sakafu ya nta yahitaji nta chache iliyosuguliwa sana, si nta nyingi iliyosuguliwa kidogo.

Kwa sakafu ya nta, kusugua kavu kila baada ya wiki chache hurudisha mng'ao bila kuongeza chochote. Nta mpya yafaa kupakwa mara moja au mbili kwa mwaka, na pale tu panapokanyagwa. Ikiwa nta ya zamani imekuwa nyeusi na nene, iondolewe kwanza kwa tapentaini na vitambaa, madirisha yakiwa wazi, kisha sakafu ipakwe upya.

Kuhuisha vanishi bila kukwangua

Kazi hii ndiyo wengi hawaijui, ilhali ndiyo inayookoa ubao. Kinachofanywa ni kuukwaruza mpako wa zamani kidogo tu ili mpako mpya ushike, kisha kuongeza vanishi mara moja au mbili. Ubao wenyewe hauguswi. Katika nyumba ya familia, kazi hii aghalabu huhitajika kila baada ya miaka 3 hadi 5, kutegemea wingi wa watu.

Sharti kuu ni kuwa vanishi ya zamani ingalipo kila mahali, haibambuki na haijapakwa nta wala polishi ya mafuta. Panapokuwa na shaka, jaribio lifanywe pembeni: sehemu ndogo isuguliwe, ipakwe vanishi mpya, iachwe siku moja au mbili, kisha ikwanguliwe kwa ukingo wa sarafu. Ikishika, kazi iendelee. Ikibambuka, afadhali kusimama hapo kuliko kupoteza sakafu nzima.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Ondoa samani zote chumbani, kisha fagia na kusafisha sakafu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Iache ikauke kabisa.

2. Sugua sakafu nzima kwa msasa laini, wa namba 120 hadi 180, kwa kufuata mkondo wa nyuzi za ubao. Panapokuwa na vibao vilivyopangwa pande tofauti, mashine ya duara yenye wavu wa msasa hufaa zaidi. Lengo ni kuondoa mng'ao, si kuufikia ubao.

3. Usitumie sufu ya chuma kabla ya vanishi ya maji. Vipande vyake vidogo hubaki kwenye viungo, huota kutu na kuacha madoa meusi.

4. Vuta vumbi lote kwa mashine, pamoja na lililo kwenye kingo za ukuta na madirisha. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo na usubiri sakafu ikauke.

5. Koroga vanishi polepole kwa kijiti. Usitikise mkebe, kwani mapovu huonekana sakafuni.

6. Anza pembe iliyo mbali na mlango. Paka kingo kwa brashi na sehemu ya kati kwa rola, kwa tabaka jembamba, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Ukingo uliopakwa usiachwe ukauke kabla ya kuunganishwa na sehemu inayofuata.

7. Subiri muda ulioandikwa kwenye mkebe. Kwa kawaida ni saa chache kwa vanishi ya maji, na usiku mzima au zaidi kwa ile ya tapentaini. Sugua kidogo tena, futa vumbi, kisha paka mara ya pili.

Kukauka na kukomaa ni mambo mawili tofauti. Sakafu yaweza kukanyagwa kwa soksi baada ya siku moja, lakini vanishi ya maji huchukua takriban siku 7 au zaidi kukomaa, na ile ya tapentaini yaweza kufikisha mwezi. Samani zirudishwe kwa uangalifu, na mazulia yangoje hadi muda huo ukamilike.

Msimu nao una uzito. Wakati wa mvua za masika na vuli, au katika baridi ya Julai jijini Nairobi, vanishi huchelewa kukauka. Ni heri kuchagua siku kavu na zenye joto, jua kali la moja kwa moja likizibwa kwa pazia.

Wakati msasa wa kina hauepukiki

Zipo hali ambapo kukwangua hadi ubaoni ni lazima: vanishi ikiwa inabambuka kila mahali, ubao ukiwa wazi na mweusi, au mikwaruzo ikiwa imeingia ndani ya ubao. Hata hivyo, hesabu ifanywe kwanza.

Vibao vidogo vya mkeka mara nyingi vina unene wa milimita 8 hivi. Mbao ndefu zenye ulimi na mfereji zaweza kuwa na milimita 20, lakini kinachofaa kukwanguliwa ni zile milimita 6 hivi zilizo juu ya ulimi. Msasa wa kina, ukianza na namba 40 na kuendelea hadi 60, 80 na 100, waweza kuondoa karibu milimita nzima, na zaidi ya hapo fundi akiwa mzembe. Ni wazi kuwa sakafu haina idadi kubwa ya misasa maishani mwake.

Mashine ya ngoma inayosimama mahali pamoja kwa nukta chache huchimba shimo ambalo vanishi haitalificha bali italionyesha zaidi. Kazi hii si ya kujifunzia sebuleni.

Baadhi ya vibao vya zamani viligandishwa kwa gundi nyeusi ya lami. Kibao kikin'goka, gundi hiyo isipigwe msasa. Huziba msasa, na gundi za namna hiyo za zamani wakati mwingine zilichanganywa na asibesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ni bora kibao kirudishwe kwa gundi mpya inayofaa bila kusaga iliyopo.

Mapengo yanayojitokeza Januari na Februari si lazima yawe ugonjwa. Ubao hunywea hewa ikiwa kavu na hufura mvua zinaponyesha. Anayeyajaza kwa nguvu wakati wa kiangazi huenda akaona vibao vikisukumana na kuinuka Aprili. Pwani, ambako desturi ya ujenzi wa kale ilitumia boriti za mikoko kwa dari na chokaa kwa sakafu, hewa ina unyevu mwingi, hivyo mbao zilizokaushwa bara zapaswa kuzoea chumba kabla ya kupigiliwa.

Moto na vumbi

Hatari isiyojulikana sana imo katika vitambaa. Mafuta ya kitani na vanishi za mafuta hutoa joto zinapokauka. Vitambaa vilivyolowa vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa, joto hilo hukusanyika hadi vikawaka vyenyewe bila kiberiti, pengine usiku watu wakiwa wamelala. Vitandazwe nje, kimoja kimoja, hadi vikauke, au vitiwe ndani ya mkebe wa chuma wenye maji na kufunikwa.

Vumbi la msasa nalo lisibaki kwenye mfuko wa mashine usiku kucha, kwani laweza kushika moto. Fauka ya hayo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Fundi na avae barakoa ya kuzuia vumbi, na mlango wa kuingia vyumba vingine uzibwe.

Wakati wa kupaka vanishi ya tapentaini, jiko, mishumaa na sigara ziwe mbali, na madirisha yafunguliwe. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasilale katika nyumba hiyo hadi harufu iishe.

Makubaliano kabla ya kazi

Sakafu ya mbao huzua mizozo mingi kati ya mwenye nyumba na mpangaji anapohama. Mmoja hudai sakafu imeharibiwa, mwingine husema aliikuta hivyo. Picha zilizopigwa siku ya kuingia, zikionyesha kila chumba, na maandishi yanayotaja aina ya mpako na anayepaswa kuuhuisha, huondoa ubishi huo kabla arabuni haijazuiliwa.

Kwa fundi, maswali ni machache. Je, amelijua tabaka lililoko sasa, na kwa jaribio gani? Ubao una unene gani? Je, kwaruzo dogo na vanishi mpya havitoshi? Fundi anayeleta mashine kubwa kabla ya kujibu maswali hayo anauza kazi anayoijua, si kazi ambayo sakafu inaihitaji.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sakafu ya muhugu au mvule hali ni ngumu zaidi, kwani ukuta hujengwa upya kwa mawe ya sokoni, ilhali mti uliochukua miaka mingi kukomaa hauotwi kwa wiki moja. Tone la maji nyuma ya mlango, mara moja kila mwaka, latosha kumwambia mwenye nyumba kama wakati wa kuhuisha mpako umefika.